Mafahali wawili katika waya mmoja

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo tumezoea kuisikia katika majukwaa ya siasa, pale viongozi wawili wanapogombea kiti kimoja. Leo nakusudia kuipeleka mahali ambapo pengine msomaji hakutarajia kuikuta, yaani ndani ya vile vyumba vyenye baridi na mvumo wa feni ambamo huwekwa mashine zinazotunza alama za wanafunzi, mishahara ya walimu, rekodi za wagonjwa na pesa tunazotumiana kwa simu. Mafahali ninaowazungumzia ni mikondo miwili ya data. Zizi ni waya mmoja.

Suala hili si la Marekani na Ulaya peke yake. Mnamo mwaka 2025, Nxtra, ambayo ni kampuni tanzu ya Airtel Africa, ilianza kujenga kituo cha data chenye uwezo wa megawati 44 katika Tatu City, Ruiru, mahali ambapo zamani palikuwa na mashamba ya kahawa. Ilitangazwa wakati huo kwamba kituo kilitarajiwa kuanza kazi mwaka 2027. Ili msomaji apime uzito wa tarakimu hiyo, na akumbuke kwamba katika mwaka uo huo mahitaji ya umeme ya Kenya nzima katika saa za kilele yalipita megawati 2,300. Kituo kimoja cha Ruiru, kikitumia uwezo wake wote, kitahitaji karibu sehemu moja kwa hamsini ya kiasi hicho. Nacho kimezungukwa na vyuo: Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pale Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika, bila kuvisahau vyuo vya ufundi. Swali linalonikera ni hili: je, vijana wa vyuo hivi watakiingia kituo hicho kama wataalamu wanaojua kilichomo, au kama wapita njia wanaolijua lango tu?

Hebu basi tueleze kilichomo. Katika kompyuta ya mezani, diski inayotunza data imo ndani ya kompyuta yenyewe. Katika kituo cha data mambo ni tofauti. Diski hukusanywa katika ghala moja, na seva, yaani zile mashine zinazohudumia mashine nyingine, hulichotea ghala hilo kupitia waya. Faida yake ni kwamba seva moja ikiharibika, nyingine huchukua nafasi yake na kuikuta data mahali pake. Kutokana na mpangilio huo, kila seva hushughulika na mikondo miwili. Wa kwanza ni mkondo wa mawasiliano: barua pepe, tovuti, video, mazungumzo ya seva na ulimwengu. Wa pili ni mkondo wa hifadhi: safari za data baina ya seva na ghala lake.

Mikondo hii haina tabia moja, na hapo ndipo ulipo mzizi wa fitina. Msomaji wa Thika ataielewa tofauti hiyo akikumbuka njia mbili zinazomfikisha Nairobi. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Katika reli ya njia moja, garimoshi haliondoki stesheni mpaka dereva apate idhini kwamba sehemu ya mbele ni tupu. Huenda likachelewa, lakini behewa halitupwi njiani. Mkondo wa hifadhi ulijengewa reli ya namna hiyo. Inaitwa Faiba Chaneli, na kiwango chake cha kwanza kilipitishwa Marekani mwaka 1994. Kifaa kinachotuma hakitumi kitu mpaka kile kinachopokea kitoe hesabu ya nafasi kilizobakiza.

Njia ya pili ni barabara. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa kuanzia mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Humo matatu, malori ya mananasi, bodaboda na magari ya wagonjwa huingia kila mmoja kwa wakati wake bila kuuliza kama mbele kuna nafasi. Mkondo wa mawasiliano husafiri katika barabara ya aina hiyo, iitwayo Etheneti, ambayo Robert Metcalfe na David Boggs waliianzisha katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973. Tofauti na barabara yetu ni kwamba, swichi ya Etheneti inapojaa, gari halisubiri foleni. Linatupwa. Naam, pakiti ya data hufutwa bila radhi wala taarifa, na ni jukumu la mtumaji kugundua kwamba mzigo wake haukufika, kisha autume tena.

Mwalimu yeyote wa lugha atauliza: ikiwa hutumwa tena, hasara iko wapi? Jibu limo katika zoezi la imla. Yupo mwanafunzi ambaye, neno likimpita, huinua mkono papo hapo na kusema, "Mwalimu, rudia neno hilo." Hupewa neno moja, akaendelea. Hivyo ndivyo mawasiliano ya intaneti yalivyozoezwa. Yupo mwingine aliyelelewa katika darasa tulivu ambamo hakuna neno lililowahi kumpita. Siku neno likimpita huduwaa, kalamu mkononi, akisubiri. Na baada ya kusubiri sana huomba kifungu chote kisomwe upya. Hivyo ndivyo mkondo wa hifadhi ulivyo. Amri ya kusoma au kuandika diski ikipoteza kipande kimoja tu, huweza kungoja sekunde nyingi, wakati mwingine nusu dakika au zaidi, kabla ya amri nzima kurudiwa. Kwa binadamu nusu dakika si kitu. Kwa seva inayohudumia maelfu, ni sawa na kuzirai.

Maadamu tabia zao hazilingani, kwa miaka mingi mafahali hawa walitengewa mazizi mawili. Kila seva ilikuwa na kadi mbili za Etheneti na mbili za Faiba Chaneli, mbili mbili ili moja ikifa nyingine ibakie. Seva 20 zilihitaji nyaya 80, swichi za aina mbili, na mafundi wa aina mbili. Kila kadi inakula umeme, na kila umeme unaoliwa huzaa joto ambalo ni lazima liondolewe kwa umeme mwingine. Ndipo wataalamu wakauliza: kwa nini tusiyapakie mabehewa juu ya malori, tukawa na barabara moja? Mnamo mwaka 2009 kiwango cha kubeba Faiba Chaneli ndani ya Etheneti kilikamilishwa. Nyaya 80 zingekuwa 40.

Kazi haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Kwanza, behewa lilikuwa refu kuliko lori: fremu ya Faiba Chaneli huweza kubeba hadi baiti 2,112 za data, ilhali fremu ya kawaida ya Etheneti hubeba 1,500. Ilibidi malori yarefushwe. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, ilibidi barabara ifundishwe adabu ya reli. Etheneti ina madaraja manane ya kuupa mzigo kipaumbele. Kanuni mpya ziliiwezesha swichi kusema, "Daraja hili lisimame kidogo, mengine yaendelee," badala ya kutupa mizigo ovyo au kuisimamisha barabara nzima. Aidha, kila daraja lilitengewa fungu lake la uwezo wa waya ili video za watu zisilimeze ghala, wala ghala lisiwanyime watu njia.

Je, mradi huo ulifaulu? Ulifaulu kiasi, lakini haukuenea kama walivyotabiri wauzaji wake. Wenye reli waliendelea kuiongezea reli yao kasi. Wengine waliona ni heri kumfunza yule mwanafunzi wa imla kuinua mkono: mbinu ya kutuma amri za diski kwa utaratibu wa kawaida wa intaneti, iitwayo iSCSI, ilikuwa imekwisha kuwekewa kiwango tangu mwaka 2004, na haikuhitaji swichi maalumu. Zaidi ya hayo, ile amri ya "simama kidogo" ilileta madhara yake. Malori yakisimamishwa Ruiru, yanayofuata husimama Juja, na punde si punde msongamano umefika Thika, ukiwazuia hata wale ambao safari yao haikuwa ya kufika Ruiru.

Sababu nyingine haikuwa ya kiufundi kamwe. Waya ulipokuwa mmoja, ikazuka swali la nani mwenye waya. Idara ya mtandao ilizoea kubadilisha swichi zake hata mchana, kwa kuwa mawasiliano yakikatika sekunde mbili hakuna anayelia. Idara ya hifadhi haikugusa kitu bila idhini, bila nakala, na bila kungoja usiku wa manane. Watu hawa wawili walipokabidhiwa swichi moja, methali ya wahenga ilitimia. Isitoshe, ugomvi huo haujaisha. Mashine zinazofunzia akili mnemba leo hupelekeana data kwa wingi wa kutisha kupitia Etheneti iliyofundishwa kutopoteza, na wahandisi wake wanahangaika na maswali yale yale ya nani asimame na nani apite.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu nami nimewahi kuadhibiwa na ujinga wangu. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya ununuzi ya chuo kimoja kilicho baina ya Ruiru na Thika, ambacho sitakitaja. Alikuja muuzaji, kijana nadhifu, akatuonyesha michoro ukutani na kutueleza kwa Kiingereza laini kwamba chuo kingeokoa pesa nyingi kwa kuunganisha kila kitu katika mtandao mmoja. Alitumia istilahi kumi kwa sentensi moja. Mhasibu alitikisa kichwa. Mwenyekiti alitikisa kichwa. Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maana ya maneno, nilitikisa kichwa. Tukatia sahihi.

Muhula wa kwanza ulipita salama. Katika muhula wa pili, wiki ya kuingiza alama, wanafunzi walikuwa wakipakua video za mihadhara kwa mamia, ilhali walimu wakiingiza alama katika seva ambayo ghala lake lilikuwa upande wa pili wa swichi ile ile. Hakuna aliyekuwa ameweka madaraja. Hakuna aliyekuwa ametenga mafungu. Seva ililisubiri ghala, ikachoka kusubiri, ikajifunga isiandike tena. Alama za siku mbili hazikuonekana. Madarasa mengine walimu wake walikuwa na karatasi. Darasa moja halikuwa nazo, kwa sababu mtihani wake wa vitendo ulikuwa umerekodiwa moja kwa moja katika kompyuta. Wanafunzi wa darasa hilo waliufanya mtihani upya, wengine wakiwa wamekwisha rudi makwao na wakalazimika kutafuta nauli. "Daktari," fundi aliniambia kwa upole, "ghala lilikuwa likiita, ila barabara ilikuwa imejaa." Aliyasema hayo kwa Kiswahili, nami nikaelewa kwa sentensi moja jambo ambalo lilinipita saa nzima katika kikao.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa letu halikuwa la mashine. Lilikuwa la lugha. Kama mmoja wetu angaliuliza, "Barabara ikijaa, nani atapishwa?" muuzaji angalilazimika kujibu, na jibu lake lingalituokoa. Lakini swali hilo halikuweza kuulizwa, kwa kuwa hatukuwa na maneno ya kuliulizia, na kila mmoja aliona haya kukiri mbele ya wenzake kwamba hajaelewa.

Walimu wa rika langu watakumbuka mabishano ya miaka ya tisini kuhusu jina la kompyuta. Kuna waliosema tarakilishi, kuna waliosema ngamizi, na kuna walioshikilia kompyuta. Tulibishana kwa ari, na sidhani tulikosea kubishana. Kosa ni kwamba tuliishia katika jina la chombo, tusiingie ndani yake. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha mwaka 2004 kwamba inawezekana kuingia ndani, walipotoa programu kamili ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi ambayo haiwezi kuisaidia kamati ya chuo kuelewa mkataba inaoutia sahihi ina urasmi wa sherehe tu.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema kwamba ufundi huu huandikwa kwa Kiingereza, vifaa huja na maelezo ya Kiingereza, na mwanafunzi atakayeajiriwa Tatu City atahojiwa kwa Kiingereza. Hayo yote ni kweli, wala sidai kwamba Kiingereza kifukuzwe maabara. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi aliyeelewa jambo kwa lugha anayoiotea ndoto atalieleza vyema zaidi kwa lugha nyingine yoyote, ilhali aliyekariri istilahi ngeni bila kuzielewa atanyamaza pale anapotakiwa kuuliza. Isitoshe, wanaotia sahihi si wahandisi. Ni walimu wakuu, wahasibu, wazazi walio katika bodi za shule, wazee wa vyama vya ushirika. Hao nao wana haki ya kuelewa.

Wengine watasema kwamba kutenganisha mikondo ni gharama ambayo shule ya Gatundu au Juja haiiwezi. Nakubali, na sipingi muungano. Mafahali wawili huweza kukaa zizi moja iwapo zizi limegawanywa kwa boma la ndani na mchungaji yupo. Shule yenye swichi moja inaweza kuigawa iwe na njia mbili pepe ndani yake, moja ya hifadhi na moja ya mawasiliano. Inaweza kuupa mkondo wa hifadhi kipaumbele na fungu lake. Inaweza kupanga nakala za akiba zichukuliwe usiku, wanafunzi wakiwa wamelala. Mambo hayo aghalabu hayahitaji kifaa kipya bali maarifa, na swichi ambayo iliulizwa maswali kabla ya kununuliwa.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Ya kwanza ni kwa wanaokaa katika kamati za ununuzi: msitie sahihi mpaka muuzaji aeleze kwa Kiswahili chepesi mambo matatu, yaani ni mikondo gani itakayopita katika waya huu, nani atapishwa msongamano ukitokea, na nani atawajibika waya ukikatika. Asiyeweza kueleza bidhaa yake kwa lugha ya wanunuzi hajaielewa, au hataki ieleweke.

Ya pili ni kwa walimu wenzangu. Mwalimu wa kompyuta na mwalimu wa Kiswahili katika shule nyingi hukaa chumba kimoja cha walimu na hawazungumzi juu ya masomo yao. Na waketi pamoja walau mara moja kwa muhula. Mwenye ufundi aeleze, mwenye lugha aulize, na wanafunzi waandike insha juu ya walichoelezwa. Kila mwaka tunawapa mada ya umuhimu wa teknolojia, nao hutuandikia kurasa mbili za sifa tupu. Tuwaulize badala yake jinsi alama inavyosafiri kutoka kidole cha mwalimu hadi kwenye diski, na njiani inaweza kupotelea wapi.

Ya tatu ni kwa wanafunzi wa Thika, Juja na Ruiru. Ukipita Tatu City ndani ya matatu usitosheke kuushangaa ukubwa wa majengo. Jiulize ndani yake kuna barabara ngapi na reli ngapi, na kwa nini. Hakuna siri humo isiyoweza kuelezwa kwa methali, reli na imla. Na siku utakapoketi katika kikao, muuzaji akimwaga istilahi zake, wakubwa wako wakatikisa vichwa, wewe inua mkono. Yule mwanafunzi anayeomba neno lililompita lirudiwe ndiye anayemaliza imla salama. Mimi sikuinua mkono, na darasa zima lilirudia mtihani kwa ajili ya kimya changu na cha wenzangu.